Wamekubali, Mheshimiwa

Ninyi mliobaki pale ofisini mmeniomba niandike kazi ya uhamasishaji ilivyokuwa siku zetu, nami nimekubali kwa sababu moja tu: tangu nistaafu sina mtu wa kumsumbua. Mke wangu ameshanionya nisimwitishie kikao jikoni. Basi nitawasumbua ninyi. Vyeo siandiki, havikuwa vingi. Mshahara nao siandiki, maana hata ukiuandika haujazi mstari. Nitaandika nilivyoanza na nani alinifundisha, na nitaandika habari za Adelina, diwani wetu, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Zingine zote ningeweza kuwasimulia kwa mdomo. Hizi za Adelina zimenishinda kusema, ndiyo maana naandika.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipelekwa Kaniha, wilaya ya Biharamulo. Mimi ni Mhangaza wa Ngara, nimekulia mlimani katikati ya migomba, na kule nikakuta nchi tambarare, mahindi mpaka macho yachoke, na ng'ombe wa Wasukuma waliohamia kutoka Shinyanga na Mwanza. Nilikuwa na baiskeli ya shirika, filimbi ya kuitia watu, karatasi kubwa za kubandika ukutani na kalamu za wino mzito ambazo nusu yake zilikuwa zimekauka. Nikabandika karatasi zangu kwenye ukuta wa godauni, nikahutubia habari za vyoo kwa muda ambao leo naona aibu kuutaja. Nilipomaliza, mzee mmoja wa Kisukuma akasimama taratibu na fimbo yake.

"Mgeni, umemaliza?"

"Nimemaliza, baba."

"Ahsante. Hatutaki."

Akakaa. Wenzake wakatikisa vichwa kukubaliana naye, wakaanza kuzungumza habari za josho. Kwetu Ngara mtu hawezi kumjibu mgeni namna ile hata kama mgeni amekuja kumwomba mke wake. Njiani nikamlalamikia mkubwa wangu wa kazi, Mzee Anatoli, aliyekuwa ameketi kwenye jiwe akinisubiri. Alicheka mpaka akashika tumbo.

"Shukuru Mungu," akasema. "Hawa wamekupa jibu papo hapo. Utarudi kesho, utasema mengine, watakujibu tena papo hapo. Ngoja nikupeleke kwenu Ngara ndipo utajua kazi."

Mzee Anatoli alikuwa bwana maendeleo mstaafu, shirika lilimchukua akiwa na mvi tayari. Alikuwa mfupi, mkali, anayechukia karatasi. Alichokuwa nacho daima ni mrija wa kunywea lubisi, aliouchomeka kwenye mfuko wa shati pale ambapo wasomi wanachomeka kalamu. Siku ya kwanza kumwona nao nikadhani ni mlevi. Kumbe alikuwa na vidonda vya tumbo na hakuwa ameonja pombe ya ndizi kwa miaka.

Nilipohamishiwa Ngara ndipo nikauelewa ule mrija. Mkutano wa kijiji ukiisha, mikono imenyanyuliwa, makofi yamepigwa, wageni wamepanda gari, Mzee Anatoli alikuwa hasogei. Aliuliza tu, "Leo mtungi uko kwa nani?" Kisha twende. Tunakuta wazee wameuzunguka mtungi uani, kila mtu na mrija wake, mwenye nyumba ameonja kwanza ili watu wajue hakuna ubaya. Anatoli anakaa kwenye kigoda, anatumbukiza mrija, anauacha mdomoni. Hanyonyi hata tone. Baada ya muda, mzee mmoja anasema, kama anayezungumza na mguu wake: "Lile la barabara mlilokubali mchana. Tatizo ni daraja la kwa Filipo." Na hapo ndipo unasikia jibu lenyewe.

"Wewe ni Mhangaza, unajua haya kuliko mimi," alinifokea siku moja nilipokimbilia kuandika muhtasari kabla ya jioni. "Mkono ni wa kumheshimu mgeni. Mtu wa kwenu hamkatalii mgeni mbele za watu, anamwaibisha na anajiaibisha. Anasema ndiyo, halafu anakusubiri nyumbani. Usipokwenda nyumbani kwake, ile 'ndiyo' yake haina mwenyewe." Niliyashika maneno yale, nikakata mrija wangu, na kwa miaka mingi sikuandika muhtasari bila kukaa kwanza penye mtungi. Vijana, sisemi mnywe. Nasema mkae.

Adelina nilimfahamu sokoni Mbuba. Alikuwa anauza maharage, mama wa binti mmoja, Jenista, kwa hiyo wote tulimwita Mama Jenista. Mwanamke mrefu, mwembamba, sauti yake inavuka soko zima bila yeye kunyanyua mdomo. Kijiji chetu cha Kigarukiro kilikuwa hakina zahanati. Mgonjwa aliyezidiwa alibebwa kwa ngobyi, ile machela ya kusuka, wanaume wanne mabegani na wanne wa kupokezana, kupanda na kushuka milima mpaka hospitali. Mdogo wake Adelina alibebwa hivyo akiwa na uchungu wa uzazi, akajifungulia njiani kwenye mteremko, chini ya mikaratusi, mvua inanyesha. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Baada ya msiba ule Adelina akaanza kuja mikutanoni. Alikuwa na swali moja. Uwe mkutano wa mbolea, wa chanjo ya mbwa, wa Mwenge, yeye atanyosha mkono mwishoni: "Zahanati lini?" Mwenyekiti alifikia kumruka makusudi. Yeye akajifunza kukaa mbele. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwatafuta watu wa namna hiyo, na nikiwapata, kuwasukuma kwa nyuma taratibu mpaka wasimame wenyewe. Huyu hakuhitaji kusukumwa. Alihitaji mtu wa kumwambia kwamba swali lake sasa liulizwe kwenye baraza la madiwani.

"Mimi? Muuza maharage?" aliniuliza nilipompelekea wazo hilo.

"Wewe."

"Na watoto wa shule wakinicheka Kiswahili changu?"

"Watoto wa shule hawapigi kura, Mama Jenista."

Shirika lilikataza siasa, na mnajua kanuni ile bado ipo. Kwa hiyo niliomba likizo yangu yote, nikamsaidia kama jirani. Sikumwandikia hotuba. Nilimfundisha kusema maneno machache na kukaa chini, jambo ambalo wanaume wote walioshindana naye hawakulijua. Tulizunguka nyumba kwa nyumba, yeye na kanga yake begani, mimi na mrija wangu. Mpinzani mmoja akasimama jukwaani akasema huyu mwanamke anajua nini, si anauza maharage tu? Zamu yake ilipofika Adelina akasema, "Ni kweli nauza maharage, na mizani yangu wote mnaijua." Akakaa. Nadhani alishinda siku ile, mengine yalikuwa ni kuhesabu.

Sasa naingia kwenye miaka ninayoikumbuka mpaka nakosa usingizi wa mchana, ambao ndio pekee niliokuwa nimebakiza. Kila Jumatano tulikutana chini ya upenu wa ofisi ya kata. Adelina alifika kabla yangu, daima, na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kitambaa. Kuanzia siku aliyoapishwa nilimwita Mheshimiwa, naye hakupenda, nami niliendelea kwa makusudi. Tulibishana. Mungu wangu, tulibishana! Aliwahi kunirushia ganda la kiazi kwa sababu nilimwambia barabara ya Kibimba inaweza kusubiri. Alikuwa mkali na mwenye haraka, lakini ukimwambia jambo likaingia aliangalia mlimani, akasema, "Haya, umenishinda, endelea." Sijapata tena mtu wa kuniambia hivyo.

Na alikuwa na maswali yake mawili. Nikitoka kijijini kokote aliuliza, "Wamesema nini?" Nikishajibu, aliuliza la pili: "Wamesema wapi, mkutanoni au mtungini?" Alikuwa mtoto wa pale, alijua tofauti. Yeye kama diwani asingeweza kukaa kila mtungi, maana diwani akiketi watu wanabadilisha mazungumzo na kuanza kuomba mabati. Mimi ndiye nilikuwa masikio yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kwake, vijana, wala msidhani ilikuwa kubwa kuliko hapo.

Mzee Anatoli alifariki katika mwaka wa tatu wa udiwani wa Adelina. Muda mfupi baadaye, kwenye mkutano mmoja wa injili, mimi niliokoka. Silijutii hilo na msinielewe vibaya. Nilikuwa nimeanza kunyonya mrija kuliko kazi ilivyodai, na mke wangu anajua. Lakini nilikuwa mlokole mpya, na mlokole mpya ana moto wa majani makavu. Nikauchoma mrija wangu uani mbele ya ndugu wa maombi, wakaimba. Nikaapa sitaonekana tena penye mtungi. Mikutano ikiisha nikawa nachukua soda dukani, nawasha pikipiki, naondoka.

"Wokovu ni mzuri, Bwana Sebastiani," Adelina aliniambia Jumatano moja akimenya kiazi. "Na masikio nayo yameokoka?"

"Nitasikia nikiwa nimesimama, Mheshimiwa."

"Haya," akasema, lakini hakusema nimemshinda.

Hatimaye halmashauri ikakubali zahanati ya Kigarukiro. Sharti moja: kijiji kitoe eneo, na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uonyeshe wananchi wameridhia, ili mafundi waanze kabla mwaka wa serikali haujaisha. Wageni wakaja na gari kutoka wilayani. Uwanja ulijaa, sijawahi kuona watu wengi namna ile Kigarukiro, hata akina mama wenye watoto wachanga walikuja. Adelina siku ile aliitwa kwenye kamati wilayani, kwa hiyo mkutano niliusimamia mimi na mwenyekiti. Mgeni mkubwa akauliza, nani ana eneo pazuri, penye njia? Watu wakamwangalia Mzee Karoli, kwa sababu shamba lake lilianzia barabarani likapanda mpaka juu kilimani. Mzee Karoli akasimama, akavua kofia.

"Wageni wetu hawawezi kurudi mikono mitupu," akasema. "Shamba langu la juu lipo."

Makofi yalipigwa mpaka mbuzi wakakimbia. Wageni wakapanda juu, wakapima pale pale kwa hatua, wakapasifia kwamba pana upepo mzuri kwa wagonjwa. Nikauliza wanaokubali wanyoshe mikono. Mikono yote. Nikaandika: wananchi kwa kauli moja wameridhia. Mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Wageni walipoondoka, Mzee Karoli alinishika mkono. "Sebastiani, nimepika lubisi. Nyumbani kwangu, mwenyewe unapajua."

Kulikuwa na ndugu wawili wa maombi wamesimama karibu, wananitazama. Nikamwambia, "Baba, siku hizi nimeokoka." Akasema, "Nimesikia. Hongera." Akaendelea kuushika mkono wangu kidogo zaidi kuliko kawaida, kisha akauachia. Mimi nilikwenda dukani nikanywa soda ya machungwa. Naikumbuka mpaka leo ilivyokuwa ya moto, mwenye duka hakuwa na jokofu.

Jumatano Adelina alifika na uso unaong'aa. Alikuwa hajalala vizuri, aliniambia, kwa furaha. Akachukua muhtasari wangu akausoma wote, akauweka magotini.

"Wamesema nini?"

"Wamekubali, Mheshimiwa."

"Wamekubali wapi?"

Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo penyewe. Nilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa maneno mawili: mkutanoni tu. Ningeyasema, angenyanyuka saa ile ile aende kwa Mzee Karoli mwenyewe. Lakini ningeyasema ningekuwa nakiri kwamba masikio yake yalikwenda kunywa soda. Niliinama nikafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Wamekubali, Mheshimiwa," nikarudia.

Akanitazama. Akakunja muhtasari, akautia mkobani, akaenda nao kwenye baraza. Walionisimulia wanasema alisimama akasema, kijiji changu nakijua, pale hakuna mgogoro wowote, naweka jina langu. Kazi ikapitishwa.

Lori la kwanza la mawe lilipofika, Mzee Karoli alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya lile shamba la juu. Wanawe wanapanda maharage kumzunguka, taratibu tu, bila jeuri. Mafundi wakanipigia simu. Nilipofika alinipokea vizuri. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniulizia watoto.

"Baba, si ulitoa mwenyewe?"

"Nilimjibu mgeni," akasema. "Ulitaka nimwache asimame juani? Anayetaka shamba anakuja nyumbani kulizungumza. Nilikungoja wewe. Mtungi nikauweka siku tatu, nikasema labda Sebastiani amebanwa na kazi. Ukachacha, nikawagawia majirani."

"Basi nimekuja, tuzungumze."

Akaonyesha kwa kidole migomba michache mizee kwenye kona ya juu. "Mama yangu yuko pale. Na kaka yangu. Pale ndipo walipopima kujenga choo cha wagonjwa. Ningekwambia siku ile, chukueni la chini, la barabarani, hata kubwa zaidi. Nilikuwa nimeshawaambia wanangu. Sasa umeniandika kwenye karatasi ya serikali kwamba nimewapa mama yangu. Mimi leo ni mtu gani hapa kijijini? Nenda, mwanangu. Sina shamba."

Tulihangaika. Adelina alikwenda, mtendaji alikwenda, hata padri alikwenda. Mzee alikuwa ameumia na hakusogea. Wilayani wakasema eneo lina mgogoro, muda umekwisha, na zahanati ikapelekwa kata nyingine. Lori lilirudi na mawe yake. Akina mama walisimama kandokando ya njia wakilitazama likipita. Nimeona misiba mingi, lakini ile ya kutazama mawe yakiondoka bado naiota.

Uchaguzi ulifuata miezi michache baadaye. Kila alikokwenda Adelina aliulizwa swali lile lile alilokuwa akiwauliza wengine: zahanati iko wapi? Nilikuwepo Kigarukiro siku alipolijibu. Nilisimama nyuma ya watu, nimeshika kipaza sauti cha mkononi, kwa sababu bado nilikuwa namsaidia kama jirani. Akasema, "Nilikwenda kusema mmekubali kabla sijahakikisha. Kosa ni langu." Mtu mmoja akapiga kelele, nani alikudanganya, mtaje. Watu wakageuka geuka wakitafuta. Yeye hakunitazama hata mara moja. "Ukubwa ni jaa," akasema. "Diwani ni mimi. Kosa ni langu."

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, jamani. Kilikuwa kimewashwa. Nilijiambia shirika linakataza siasa, kwamba nikifungua mdomo nitakuwa nimefanya kampeni. Mtu akitaka kujificha hakosi kanuni. Adelina akashindwa, tena vibaya, na Jumatatu iliyofuata akarudi Mbuba kuuza maharage.

Nilipomkuta sokoni nikasema kwa mazoea, "Shikamoo, Mheshimiwa," utani wetu wa siku zote, maana tulikuwa rika moja. Hakucheka. "Niite Mama Jenista," akasema. "Hilo hawawezi kulipigia kura." Akanipimia kilo mbili, akaongeza kiganja juu kama alivyomwongezea kila mteja. Niliona afadhali angenitukana.

Niliomba uhamisho nikarudishwa Biharamulo, vijiji vya upande wa Kaniha, nikakaa huko mpaka karibu na kustaafu. Niliwaambia watu nimewapenda Wasukuma, na ni kweli nimewapenda. Wakikataa wanasema hatutaki, na mtu anakwenda kulala akijua. Lakini Jumatano zilikuwa ngumu. Nilikuwa nachemsha viazi mwenyewe, nakula nikiangalia nchi ile tambarare isiyo na mlima wa kutazama wakati wa kufikiri. Nilipata madiwani wengine wa kufanya nao kazi, wengine wazuri. Walichukua muhtasari, wakashukuru, wakaweka sahihi. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali la pili.

Habari za Kigarukiro zilinifikia kwa vipande. Nilisikia kwanza kwamba Mama Jenista, akiwa hana cheo chochote, alipika lubisi yake mwenyewe, akaibeba kichwani mpaka kwa Mzee Karoli. Alikwenda tena msimu uliofuata. Na tena. Mara ya tatu mzee akamwambia alete watu wapime shamba la chini. Zahanati ikajengwa pale barabarani. Nilikwenda siku ya ufunguzi. Palikuwa na turubai, ngoma, na jiwe lenye jina la mgeni rasmi. Diwani mpya alisifiwa, naye alistahili, alikuwa amefuatilia. Nikamtafuta Adelina kwenye viti vya mbele sikumwona. Alikuwa kwenye foleni ya kupima presha, pamoja na akina mama wengine, ameshika kadi yake mpya. Nilisimama mbali nikamtazama mpaka akaingia ndani.

Nilistaafu mwaka jana. Mlinifanyia sherehe nzuri, ile saa ya ukutani bado inatembea. Nikarudi Kigarukiro, na kila wiki nilijiambia wiki hii nitakwenda kwake. Halafu mke wangu akarudi kutoka sokoni na habari: Jenista ameolewa Kahama, anamchukua mama yake akakae naye, kwa sababu ya ile presha. Ataondoka Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi. Sikumaliza chai.

Nilimkuta uani kwake, ameketi mkekani, anachambua maharage kwenye ungo. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Akanisogezea kigoda na ungo wa pili bila kuuliza nimefuata nini, nami nikaanza kuchambua. Tulizungumza mvua. Tulizungumza watoto. Mwisho nikaona jua linashuka, nikasema.

"Mama Jenista, siku ile uliniuliza wamekubali wapi. Sikukaa mtungini. Nilikunywa soda nikaenda nyumbani. Wewe ulibeba kosa langu mbele za watu, mimi nimesimama na kipaza sauti. Nimekaa nalo miaka yote hii."

Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe dogo, akalitupa.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Pale pale. Uliinama kufunga kiatu kilichofungwa."

"Sasa mbona hukuniuliza tena?"

Akauweka ungo chini. Aliangalia mlimani kwa muda mrefu, kama zamani nilipokuwa nimemwambia jambo likaingia, na machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta.

"Uchaguzi ulikuwa umekaribia, Sebastiani. Mdogo wangu alikuwa mjamzito tena. Nilikuwa nimeshawaambia watu wote. Ningekuuliza tena, ungeniambia kweli. Wewe nilikufahamu, mara ya pili usingeweza kunidanganya." Akavuta pumzi. "Ndiyo maana sikukuuliza."

Miaka yote nilidhani nimeubeba mzigo huu peke yangu, kumbe tulikuwa wawili, kila mtu upande wake wa mlima. Nilitamani tuwe na Jumatano moja tu mbele yetu, hata moja. Tulichambua mpaka macho hayaoni tena maharage, akanifungashia kilo mbili na kiganja juu. Jumamosi akaondoka.